Mwenye Nyumba Si Ndugu Yetu

Chumba cha nyuma,
Nyumba ya wageni, mkabala na lango la pili la Hospitali Kuu.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na yale macho uliyosema yanawasha kwa cheche za kuchomelea? Wifi na watoto walikuwaje ulipowapigia mara ya mwisho? Nakuuliza yote kwa mkupuo kwa sababu najua huko mbele nitasahau adabu. Mimi ni mzima. Mama yako, shangazi yangu, naye hajambo, kwa kiasi cha mtu anayeamkia kwenye mashine ya mionzi kila siku ya kazi. Anakula, analalamikia chumvi, na anamsema muuguzi wa mapokezi kuwa anatembea kama mtu anayekimbia deni. Akili ni nzima na ulimi haujaguswa.

Barua hii anakuletea fundi wa kreni wa kambini kwenu, yule aliyekuja likizo. Ameniahidi atakukabidhi mkononi Jumatano. Isome ukiwa peke yako, na tafadhali usinijibu kwa simu. Simu tunayotumia huku ni moja, mchana inakaa kwa mama yako, na kwa kuwa miwani yake ilisahaulika nyumbani, kila ujumbe wako anasomewa na mwenye nyumba, tena kwa sauti, na maoni juu. Ndiyo maana naandika kwa kalamu kama watu wa zamani. Ninachotaka kukuambia kinamhusu huyo msomaji.

Nianze pale unapopafahamu. Hospitali ya nyumbani walimpasua uvimbe wa titi wakamaliza kazi yao vizuri, kisha wakasema mionzi haipo kwao, ipo huku tu. Mionzi yenyewe haina kitanda. Mgonjwa anaingia asubuhi, analala juu ya meza ya mashine, anatoka, anaambiwa arudi kesho, hivyo hivyo wiki tano. Hospitali haimlazi kwa sababu miguu yake inamtosha kutembea, na nyumbani hawezi kurudi kulala kwa sababu ni safari ya basi ya kutwa kucha. Kwa watu wa namna hiyo upo Mfuko wa Nauli na Malazi. Unalipia basi na kitanda, kwa mgonjwa na msindikizaji mmoja. Tuliomba, tukakubaliwa, nauli ikatoka, na malazi ya wiki mbili za kwanza yakatoka bila maneno. Nasema hivi usije ukadhani watu hawa ni wezi. Wangekuwa wezi ningejua pa kuanzia.

Mfuko una sharti kwamba mgonjwa asiwe na ndugu wa kumpokea hapa mjini. Sharti si la kijinga. Huko nyuma walikuwapo watu waliochukua fedha za malazi wakaenda kulala bure kwa kaka na dada zao, na wasio na mtu wakabaki wamejikunja kwenye mabenchi ya mapokezi. Kwa hiyo siku hizi, baada ya wiki mbili, hufanywa uhakiki.

Uhakiki anaufanya bwana mmoja mpole, mwembamba, ambaye wagonjwa wamembandika jina la Bwana Kiambatisho, maana hujamaliza kumwamkia ameshakuuliza kiambatisho kiko wapi. Ofisi yake iko mwisho wa ukumbi wa eksirei. Mlango wake haufungiki mpaka uunyanyue kidogo, na feni yake inageuza shingo huku na huku bila kumpepea mtu. Siku ya uhakiki mimi nilikuwa kwenye foleni ya dawa. Alimkuta mama yako kwenye benchi akamwuliza swali moja tu: "Mama, hapa mjini mmefikia wapi?"

Mama yako akamjibu: "Tuko kwa mwanangu, hapo ng'ambo ya lango. Anatutunza vizuri, Mungu ambariki."

Mwanangu! Unamjua mama yako. Kwake muuza maji ni mwanangu, daktari ni mwanangu, hata yule mlinzi aliyetuzuia langoni siku ya kwanza tukalowa na mvua alikuwa mwanangu mpaka tukaingia. Huyu mwanangu wa hapa ni mwenye nyumba ya wageni, mwanamke wa makamo tunayemwita Mama Shuka kwa sababu shuka haimtoki mkononi. Ama anaivua kitandani, ama anaifua, ama anaianika, ama anakukaripia kwa kuikalia na nguo ulizotokea barabarani. Tulimwona kwa mara ya kwanza maishani mwetu siku tuliposhuka kwenye basi. Lakini Bwana Kiambatisho hakuuliza ni mwana wa kuzaa au wa mdomo. Aliandika kwamba mgonjwa anaishi kwa binti yake, na malazi yakasimamishwa siku hiyo hiyo.

Niliposikia nilicheka. Nilidhani ni jambo la kunyoosha kabla chai haijapoa. Nikaenda ofisini, nikaunyanyua mlango, nikamweleza.

"Dada," akaniambia, "mimi nimeandika alichosema mgonjwa mwenyewe."

"Ni namna ya kusema tu. Wewe mwenyewe umeniita dada sasa hivi. Mimi ni dada yako?"

Akafikiri kidogo, kwa dhati kabisa. "Wewe hujasema unakaa kwangu," akasema.

Kisha akaniambia kwamba hawakuishia kwa mgonjwa. Kwa kuwa mtu akiumwa anaweza kusema lolote, walimpigia pia mtoto wa kiume aliyeandikwa kwenye faili, wapate uhakika. Kaka, hapa ndipo hasira yangu inapokufikia, na sitaipamba. Alinisomea maneno yako: "Mama yuko kwa dada, wala hana shida hata kidogo. Dada anamtunza kuliko mimi."

Najua ilivyokuwa. Ulipiga simu jioni moja, Mama Shuka akaichukua kukusalimu, akakuita kaka, ukamwita dada, mkacheka kama watu mliokua pamoja. Kesho yake mtu usiyemfahamu anakupigia kukuuliza mama yako yuko kwa nani. Hakuna mtoto anayependa kumwambia mgeni kuwa mama yake hana mtu. Ukataka aonekane ana watu, na wewe mwenyewe uonekane hujamtupa. Naelewa. Lakini umemponza. Neno moja lingetosha, wewe ukatoa hotuba. Si bure ukoo mzima unakuita Msemaji.

Tangu siku hiyo kazi yangu imekuwa moja: kuthibitisha kwamba mtu fulani si ndugu yetu. Nimeandika habari miaka mingi, nimewahi kutafuta mmiliki wa ghala lisilo na mmiliki, na sijapata kazi ngumu kama hii. Undugu una vyeti. Kutokuwa ndugu hakuna cheti.

Bwana Kiambatisho alinishauri nipate barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti nilimkuta kwenye duka lake la vipuri vya baiskeli, mikono imejaa grisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akatoa muhuri kwenye kopo la misumari, akautazama, akaurudisha.

"Dada yangu, mimi nathibitisha watu waliopo. Huyu anakaa hapa, yule amefariki, huyu ameoa. Sasa wewe unataka nithibitishe ndugu ambaye hayupo. Nitamwonaje?"

"Andika tu kwamba hawa wanawake wawili hawana uhusiano."

"Na kesho ukitokea? Mjini hapa watu hugundua ni binamu kwenye msiba."

Nikatoka mikono mitupu.

Nikajaribu risiti. Mpangaji ana risiti, ndugu hana, au ndivyo nilivyofikiri. Nikamwomba Mama Shuka kitabu chake, nikakipeleka. Bwana Kiambatisho akafunua, akaweka kidole, akanigeuzia. Kwenye nafasi ya jina la mgeni, kote, Mama Shuka ameandika "Mama". Wageni wengine wote wana majina mpaka ya babu zao, ila sisi ni "Mama, chumba cha nyuma". Nilipomwuliza kwa nini, alinitazama kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Sasa nimwandike jina lake, mtu mzima yule? Ana umri wa kunizaa!" Na kama hiyo haikutosha, alikuwa ametupunguzia bei kwa sababu ya ugonjwa. Bwana Kiambatisho akaliona na hilo. Akauliza, kwa upole wake ule ule, ni nyumba gani ya biashara inayompunguzia bei mtu baki bila kuombwa.

Yupo fundi cherehani mmoja anayetibiwa koo, tunakaa naye benchi moja kila asubuhi. Sauti imebaki ya kunong'ona, lakini utani haujapungua. Aliposikia habari yetu alininong'oneza: "Dada, mimi hapa hata nikiulizwa habari za asubuhi najibu sina mtu. Nina kaka zangu wawili mjini hapa, hawajakanyaga hospitali tangu nije. Mfuko unanilipa vizuri tu." Sikujua nicheke au nikamshitaki. Sikufanya lolote. Kaka zake hawamtaki, kwa hiyo sidhani kama alidanganya.

Wenzangu wa kazini waliniambia nitumie kitambulisho cha habari. Nilikitoa siku moja tu, na ndipo mambo yalipoganda kabisa. Bwana Kiambatisho alinyooka kwenye kiti, akaanza kuniita mheshimiwa, na kuanzia hapo kila nilichouliza alisema kinahitaji kwenda kwa mkubwa wake kwa maandishi. Alidhani nimekuja kumwandika. Nimekirudisha mkobani na kinakaa huko.

Kundi la familia nalo usilitaje. Nilieleza shida hii kule kwa urefu. Nikapata mikono ya kuombea kutoka kwa kila mtu, mashangazi wa upande wa pili wakatuma mishumaa, na baba yangu, mjomba wako, akaandika "Tuko pamoja", kisha akatuma picha ya mbuzi wake aliyezaa pacha. Mbuzi ni mzuri. Malazi bado.

Sasa nikupe habari ya Ijumaa, maana ndiyo iliyonikalisha chini kukuandikia. Nilimshawishi Bwana Kiambatisho awaite wote wawili ofisini, mama yako na Mama Shuka, awaulize uso kwa uso. Mama Shuka nilimweleza mapema, naye hakuwa na kinyongo. Alisema yeye amezoea kuitwa kila kitu, hata akiitwa si ndugu ataitika vilevile, mradi kitanda kilipiwe. Kosa langu lilikuwa kutomweleza mama yako. Nilidhani ni jambo la wazi.

Tukaingia. Kiti kilikuwa kimoja, akakaa mama yako. Bwana Kiambatisho akamgeukia Mama Shuka.

"Wewe ni nani kwa huyu mama?"

"Mimi ni mwenye nyumba. Yeye ni mteja wangu," akasema Mama Shuka, wima kama shahidi.

Mama yako akainua kichwa polepole. "Mteja?"

"Ndiyo, mama. Mteja."

Feni ikageuka ikamtazama mmoja, ikageuka ikamtazama mwingine. Nilimkanyaga mama yako mguu. Akautoa mguu wake, akauweka pembeni, akamwambia Bwana Kiambatisho kwa sauti ya kuombea msamaha: "Mwandike ni mwanangu, baba. Leo ameamka vibaya tu. Nilimsema asubuhi juu ya chai."

"Shangazi!" nikasema.

"Nini? Nimkane mtu mbele ya watu kwa ajili ya kitanda?"

"Mama, mimi kweli si mtoto wako," Mama Shuka akasema, sasa anasihi. "Mwambie. Hatujuani sisi."

"Unaona anavyosema?" mama yako akamwambia Bwana Kiambatisho. "Ana hasira huyu, lakini hana moyo mbaya. Zitaisha."

Bwana Kiambatisho alifunga faili taratibu, na nilimwona usoni kwamba amesikitika. Ana mama yake, nadhani. Akasema amefanya kazi hii muda mrefu, amewaona mabinti wengi wakiwakana mama zao ili fedha zitoke, lakini hajawahi kuona mgeni ambaye mama wa watu anamtetea namna hii. Kwake jambo lilikuwa limejithibitisha lenyewe.

Tulipotoka, Mama Shuka alitangulia mbele, akavuka barabara bila kutazama magari. Mlangoni kwake ndipo aliponigeukia: "Nimejikana mwenyewe, dada, na bado sikukubaliwa. Mimi nifanye nini zaidi?" Akaingia ndani, akavua shuka za chumba chetu, akatandika nyingine, kama ilivyo kila Ijumaa.

Nilimkabili mama yako jioni. Usidhani hakuelewa. Ameelewa kuliko mimi. Anajua kitanda hakilipiwi, anajua kwa nini, na anajua neno gani lingelipia. Lakini ngozi ya ubavuni imeungua kwa mionzi, mimi mikono yangu mizito, na anayemwosha pale na maji ya uvuguvugu kila asubuhi ni Mama Shuka. Aliniambia: "Nikimkana leo ofisini, kesho ataniosha kwa uso gani? Na mimi nitamvulia nguo kwa uso gani?" Nilimwambia Mama Shuka mwenyewe amekubali kukanwa. Akasema hilo ni la Mama Shuka, lake ni lake. Kisha akasema basi, yeye atarudi nyumbani Jumamosi ijayo. Nauli ya kurudi tunayo. Begi ameshalifunga na amelisimamisha nyuma ya mlango, kila nikifungua mlango unaligonga.

Kuhusu Mama Shuka nisikufiche. Hawezi kutuweka bure mpaka mwisho, na hakusema ataweza. Nyumba si yake, anaikodi, na mwenye jengo hamwogeshi mtu yeyote, anadai kodi yake. Wiki hii iliyopita amebeba yeye, na hii inayoanza kesho amesema atabeba. Baada ya hapo, aliniambia akiwa amekaa kwenye ngazi, "Dada, mama nampenda, lakini jengo halinipendi mimi." Mimi kazini niko likizo isiyo na malipo. Ulichotuma mwezi uliopita kiliingia kwenye vipimo vya damu na dawa za kupaka za kuungua ambazo hospitali haina. Sidai kingine. Najua mshahara wenu umechelewa, fundi wa kreni ameniambia kabla sijamwuliza.

Nilimfuata daktari wa mionzi kumwuliza kama mama yako anaweza kwenda nyumbani akapumzika, akarudi mambo yakitengemaa kumalizia wiki zilizobaki. Ni binti mdogo, macho yamechoka. Alisema: "Mionzi si rangi ya ukuta, upake nusu leo na nusu mwezi ujao. Akikatiza sasa, zile mbegu za ugonjwa zilizobaki zinapata nafasi ya kuota upya, na ngozi ile haitakubali kuanza mwanzo." Nilimwomba arudie ili niwe na uhakika. Akarudia vilevile. Kwa hiyo tunachozungumzia hapa, Kaka, si kitanda. Akipanda basi Jumamosi, titi lile tumelipasua bure.

Imebaki njia moja. Kuna kamati ya rufaa ya Mfuko, inakaa Alhamisi. Bwana Kiambatisho, ambaye nimeacha kumchukia kwa sababu hainisaidii, amenieleza utaratibu. Kamati haitasikiliza tena mgonjwa wala mwenye nyumba, wamekwisha sema yao na yanagongana. Barua yangu haina uzito, mimi ni msindikizaji, ninafaidika. Watampigia mtoto wa kuzaa aliyeandikwa kwenye faili, saa nne asubuhi, simu ikiwa mezani, sauti ya wote kusikia. Atakachosema ndicho watakachoandika. Huyo mtoto ni wewe.

Mama yako hatakuwapo. Saa nne asubuhi atakuwa juu ya meza ya mashine, ule mlango mzito wa madini ya risasi umefungwa, na mimi nitakuwa nje ya mlango huo. Mama Shuka atakuwa anafua shuka zake. Hakuna atakayekusikia ila wazee wanne wa kamati na Bwana Kiambatisho.

Watakuuliza mama yako amefikia kwa nani. Sema: "Amepanga kwenye nyumba ya wageni. Hatuna ndugu mji huo." Wakikuuliza, na yule uliyesema ni dada yako? Sema: "Si dada yangu. Simjui. Sijawahi kumwona. Nilimwita dada kwa heshima tu." Kisha nyamaza. Usianze na "unajua bwana". Usimshukuru mtu. Usieleze jinsi anavyomtunza mama, hata kidogo, hata wakinyamaza kidogo na ukajisikia vibaya kuuacha ukimya ule. Ukimya huo ni wao, waache wauandike.

Sikuombi useme uongo. Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba nakuomba useme kweli tupu, na kweli hiyo kinywani itakuwa na ladha ya ukorofi. Mama yako amekataa kuionja. Wewe uko mbali, ni rahisi zaidi kwako, na mara moja katika maisha yako umbali huo utusaidie kitu.

Kama unadhani hutaweza, usiipokee simu kabisa. Kamati ikikosa jibu itaahirisha, nami nitapata wiki ya kuhangaika kwingine. Lakini usiipokee halafu ukawa Msemaji.

Nisalimie wifi na watoto utakapowapigia, na mwambie yule mdogo kwamba shangazi yake amepokea mchoro wa helikopta, ila helikopta haina magurudumu mengi kiasi kile. Baba yangu anakusalimu, na mbuzi wake pia. Mama yako anakusalimu sana. Hajui naandika nini, anadhani nakueleza habari za mashine, na amesisitiza nikwambie usilale na nguo zenye moshi wa chuma.

Mwenye nyumba naye anakusalimu. Amepita sasa hivi na shuka begani, ameona naandika, akasimama mlangoni akasema: "Mwambie kaka yangu asiwe na wasiwasi, mama yupo kwangu." Nikamwambia nitafikisha. Nimefikisha. Alhamisi saa nne, mkane.

Mungu akulinde juu ya vyuma vyako, na siku hiyo akufupishie ulimi.

Mimi nikupendaye, hata leo nilivyokasirika,
Dada yako wa kwa mjomba.